Mchezaji wa Sari ya Manjano

Jumamosi mchana nilikuwa saluni moja ya mtaa wa Yeoville, huku ughaibuni, nikisubiri zamu yangu. Televisheni ilionyesha filamu ya Kihindi, ile hadithi ya zamani ya tajiri anayeringa na binti asiyemnyenyekea, safari hii kwa nyimbo na ngoma. Mama mmoja wa Tanga alikuwa akisukwa. Ilipofika ngoma ya harusi, akamshika msusi mkono.

"Hebu rudisha nyuma kidogo."

Msusi, Mkongomani, akarudisha. Mama akamwonyesha mchezaji wa safu ya nyuma, mwenye sari ya manjano.

"Huyu ni dada yangu. Alifariki zamani, na sikwenda kumzika. Karatasi zangu hazikuwa tayari."

"Mama, batu banafananaka tu," msusi akasema taratibu.

"Na kidole kilichokatika nacho kinafanana?"

Tukatazama tena. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikuwepo. Wenzake wote walimtazama bwana harusi. Yeye alitutazama sisi.

Mama akavuta kanga mabegani. "Nisamehe, dada," akasema kwa sauti ya kawaida, kisha akainamisha kichwa aendelee kusukwa.

Jana niliitafuta filamu ile nikaitazama nyumbani. Mwenye sari ya manjano yupo. Ana vidole vyote kumi, na macho hayamtoki bwana harusi mwanzo hadi mwisho.

Mnajua ninavyopenda kusahihisha watu hata wasiponiomba. Lakini mama yule akiniuliza, nitamwambia sijapata nafasi ya kuiona tena filamu ile.