Fungu la Mgawaji

Uwanja wetu wa mpira pale Handeni ulikuwa shamba la mtama la mjomba wangu. Aliwaachia vijana bure, akawachongea na magoli, na kila jioni alikaa ukingoni akiwafokea kana kwamba bado wanamkanyagia mtama. Kwa hiyo timu ilipofika fainali ya kombe, kupambana na timu ya mashamba ya mkonge ya Korogwe, hakuna aliyedhani kwamba mwenye shamba angekosa tikiti.

Enzi hizo za Mwingereza, fainali ilichezwa kwenye uwanja uliozungushiwa uzio, na tikiti ziligawanywa na kamati iliyokaa hukohuko Korogwe. Mabwana wa mkonge walipata zao, ofisi zikapata zao, wenye maduka vilevile. Sisi tuliozaa timu tukaletewa kifurushi cha kuenea kiganjani. Watu walinung'unika, na mimi nilinung'unika kuliko wote, maana ndimi niliyewapikia wachezaji ugali na mlenda siku za mazoezi, na sikuwahi kuona bwana yeyote wa kamati akija kumenya hata muhogo.

Nani agawe? Wote walimtaja mjomba, kwa kuwa yeye ndiye aliyegawa nyama wawindaji waliporudi kutoka porini. Na sheria ya nyama kwetu ilijulikana: mgawaji huchukua mwisho, ili mkono wake usipendelee.

Akaziweka tikiti kwenye ungo. Alianza na mama za wachezaji, akaja kwa waliofyeka uwanja, kisha waliobeba mizigo ya timu. Karani mmoja alitaka mbili, ya pili ya shemeji yake, akapewa moja. Mimi nilipoitwa, karani huyo akauliza mwanamke anakwenda kutazama nini. Mjomba akamwambia kwamba aliyewalisha ana haki ya kuona chakula chake kikikimbia. Watu wakacheka. Nikaifunga tikiti kwenye pindo la kanga, nikainua macho, ungo ulikuwa mtupu.

Nilikasirika, sifichi. Nilimfuata nyumbani kumrudishia yangu, akakataa kuigusa.

“Fungu halirudi kwenye ungo, mwanangu,” alisema. “Likirudi mara moja, kesho hakuna atakayeniamini na kisu.”

Siku ya fainali alipanda nasi lori la mahindi, yeye na wengine wengi wasio na tikiti. Alisema atasimama nje, asikie tu. Njia nzima sikumsemesha. Mtu anaweza kuwa mwema mpaka akakuudhi.

Mlangoni alisimama bawabu Msambaa, wa makamo, mwenye koti la kaki lililompwaya. Sasa, sisi Wazigua na Wasambaa ni watani. Mtani hukutukana usikasirike, na siku ukifa yeye ndiye mwenye msiba wako: hulala njiani kuzuia jeneza lako mpaka apewe chochote. Bawabu alipomwona mjomba amejitenga kando ya uzio, akamuuliza tikiti yake iko wapi.

“Imeishia kwenye kugawa,” mjomba akajibu.

Bawabu alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema ndiyo maana Wazigua hawanenepi, mgawaji wao hurudi nyumbani na kisu kitupu. Halafu akaacha kucheka, akamtazama vizuri.

“Lala chini, ufe,” alisema. “Maiti ya Mzigua ni yangu. Siombi ruhusa ya kamati kuibeba.”

Mjomba akasita. Nadhani alikuwa akipima kama hilo nalo ni upendeleo. Lakini ngoma ilikuwa inalia ndani, na shamba lake la mtama lilikuwa karibu kuingia uwanjani na jezi. Akalala. Bawabu na wenzake wakambeba juujuu, wakilia kilio cha uongo, wakampitisha mbele ya wanakamati ambao hawakujua wacheke au wakemee. Nikawafuata na tikiti yangu, wakamlaza karibu na miguu yangu. Sijapata kumwona mjomba na furaha kama ile.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Mjomba akasimama, akajikung'uta, akaelekea mlangoni. Nilimshika shati.

“Nimeshaonja,” alisema. “Wenzangu kule nje hawajaonja.”

Nikamsikia akimwambia bawabu, “Mimi nimefufuka. Sasa afe mwingine.”

Akaingizwa mzee mwingine wa kwetu, amebebwa vilevile. Na katika kipindi hicho cha pili vijana wetu wakafunga bao la ushindi. Watu waliruka, mimi nikalia kwa uchungu, maana mjomba alikuwa nyuma ya uzio akisikia kelele bila kujua ni za nani. Kwenye lori alitaka asimuliwe bao lile, na kila mtu alimsimulia lake. Aliyasadiki yote.

Alipofariki, miaka mingi baadaye, bawabu alikuja kutoka Korogwe, mzee sasa. Jeneza lilipotoka tu uani, akalala njiani. Wakampa senti, akazisukuma. Wakampa kuku, akakataa.

“Nataka tikiti yake,” alisema.

Nikatoka kati ya wanawake, nikachutama karibu naye.

“Hana, mtani. Alizigawa zote.”

Alibaki pale chini kidogo, amefumba macho. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akatia bega lake chini ya jeneza.