Kikosi Kisichovunjwa Mvua Ikinyesha

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira zake sijazimaliza. Ulikuwa hujatimiza mwaka. Mimi nilikuwa kiongozi wa mgambo hapa kwetu Goweko, nimetoka mafunzoni juzi tu, buti mpya, kichwa kikubwa. Moto wa pori ukaja mchana, na upepo nyuma yake. Mjini wakaleta lori la wanajeshi chini ya sajenti mmoja.

Sajenti akataka wote tuwe chini ya amri moja. Nikamjibu watu wangu hawamjui, kila kundi lishike upande wake. Muda wa kubishana haukuwepo, akakubali, sisi tukashika bonde. Saa nane nikawatoa watu wangu bondeni wakale, kama tulivyozoea kwenye doria zetu. Sikumwambia. Nilijiona sina bosi pale. Yeye akadhani tupo, bonde likabaki tupu, moto ukapita hapo hapo mpaka nyumbani kwa bibi yako. Wewe ulikuwa mgongoni kwake. Alikutoa. Mikono yake unaijua ilivyo.

Jioni akaja Mzee Kasembe, mwanajeshi mstaafu aliyetufundisha gwaride. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Kisha akaniuliza yule sajenti anaitwa nani. Sikujua.

"Kutwa umepigana naye moto mmoja, binti, na jina lake hulijui. Mlikuwa mnangoja moto ndio mtambulishane?"



Ndiyo maana tukadai kikosi cha pamoja cha kudumu: wanajeshi na mgambo, kamanda mmoja, mazoezi kila mwezi, ugali wa sufuria moja. Sasa umeitwa wewe, na unanuna. Wewe na wenzako mnasema kivunjwe, eti misimu mitatu hakijatokea kitu, mnacheleweshwa kwenye tumbaku. Mnaniudhi, nasema wazi. Hakijatokea kitu kwa sababu watu wapo.

Nenda, mwanangu. Zoeana na wenzako siku ambazo hakuna kinachowaka. Ukichoka sema, ukiondoka mahali pako mwambie wa jirani. Na ukiamriwa na mtu wa kundi jingine, tii kwanza, ubishi utafanya mkishamaliza.

Mungu akulinde, na mazoezi yako yote, mpaka uzeeke, yabaki kuwa mazoezi tu.