Nilimwambia Mama Mchungaji Amekataa

Nilimdanganya mama yangu, na uongo wenyewe niliufunika kwa jina la Mungu. Naanza na hilo ili kama ni kunichukia unichukie mapema, usipoteze muda kunihurumia.

Jina langu sitaliandika. Ukoo wetu una aibu yake ya kutosha. Nina miaka arobaini na kitu. Nimekaa Mwanza, nimekaa Geita, nimekaa Kigoma, na sasa niko mahali ambapo nako najua sitakaa. Watu hudhani napenda safari. Napenda wapi! Mimi ni Mhaya asiye na kibanja. Kwetu kibanja ni migomba na kahawa, ni nyumba, ni makaburi ya babu zako yaliyo palepale uani. Ukikikosa, hata mtu akikuuliza kwenu ni wapi, unababaika.

Mambo haya yalitokea miaka ile ya ujamaa, wakati mkoa wetu ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimeokoka, nina moto kweli kweli. Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa likituma vijana visiwani, wawili wawili, kuhubiri. Mimi wa Kaagya nikapangwa na kijana wa Nyanga aitwaye Kamugisha. Tukapelekwa kisiwa kimoja cha Muleba, mbali, mahali ambapo ziwa likichafuka mnaweza kukaa wiki nzima bila kuona mtumbwi kutoka bara.

Nisiseme uongo mwingine: nilikuwa na furaha kule. Tuliishi katika kibanda cha nyasi. Asubuhi tunasali, tunaoga ziwani, kisha tunazunguka kambi za wavuvi tukiwa na Biblia kwapani. Jioni tunafundisha watu wazima kusoma, maana serikali ilitaka kila mtu ajue kusoma na kisiwani hapakuwa na mwalimu mwingine. Ubao wetu ulikuwa mtumbwi mbovu uliopinduliwa. Tunaandika kwa chaki kwenye ubavu wake, na babu mwenye mvi anasoma kwa sauti "ba, be, bi" huku akiparua samaki.

Wavuvi walitutania sana. "Walimu, mmekuja kuvua watu au kumaliza samaki wetu?"

"Samaki wakiokoka tutawaacha," Kamugisha anawajibu, na mkono wake hautoki kwenye sahani.

Kilichotusumbua kilikuwa ugali wa muhogo. Asubuhi, mchana, jioni! Kamugisha aliamka siku moja akaniambia, "Mwenzangu, nimeota nimelala juu ya mkungu wa ndizi. Nikaona aibu hata kuula." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hadi leo, nikipita mahali panapokaushwa samaki, ule moshi ukanifika, nasimama. Nasimama tu kama mjinga.

Kazi yetu ikazaa. Watu wakaomba ubatizo, wengi kuliko tulivyotegemea. Habari zikafika juu, tukaambiwa mkuu wa kanisa wa upande wetu atavuka mwenyewe kuja kuwabatiza. Kukawa na maneno pia kwamba kijana atakayemridhisha atapelekwa chuo cha uchungaji.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nilianza kumtazama Kamugisha kama mtu wa kushindana naye. Usiku nikifumba macho simwoni Yesu tena. Najiona mimi, nimevaa joho.

Basi siku moja mvuvi mwenye redio akanikimbilia. "Mwalimu! Njoo usikilize, wametaja Kaagya." Nilipofika, tangazo la kifo lilikuwa linamalizikia. Baba yangu. Maziko yalikuwa siku ileile, na ziwa limechafuka, hakuna wa kunivusha. Kwa hilo la maziko sijilaumu.

Najilaumu kwa kilichofuata.

Kwenu labda ni tofauti, lakini kwetu baba akifa, matanga hayamaliziki mpaka mrithi asimikwe. Unakaa kwenye kigoda cha baba mbele ya wazee wa ukoo, unakabidhiwa mkuki wake, unapewa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, unywe kidogo, kingine kinamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Tangu hapo kibanja ni chako, na mama yako ana kwake mpaka kufa. Usipokalia kile kigoda, kinakaliwa na ndugu wa baba. Na hapo mama anakuwa mgeni katika migomba aliyoipalilia tangu alipoolewa. Nilikuwa mtoto wa kiume peke yangu. Hakuna mwingine aliyeweza kumkalia mama kile kigoda!

Wazee wakaniita. Nikajibu kwamba mimi nimeokoka, sinywi rubisi wala simwagii wafu pombe. Wakasogeza siku, wakaniita tena. Kamugisha alipokwenda bara kuchukua sabuni na mafuta ya taa, akamweleza mchungaji wa pale Muleba habari zangu. Akarudi anatabasamu.

"Mchungaji anasema uende. Leo kama si kesho. Anasema waombe wazee wabadilishe kinywaji, wengine wameshafanya hivyo na ukoo haukufa."

"Na ubatizo?"

"Ubatizo nitakuwepo mimi."

Hilo ndilo lililonichoma. Nitakuwepo mimi! Alisema kwa upendo, nikasikia kama mtu anayeninyang'anya.

Nikakaa. Kila siku nikajiambia kesho.

Kisha mama akaja.

Mama yangu hakuwahi kupanda mtumbwi maishani mwake. Ziwa alilitazama kwa mbali tu, akienda sokoni Bukoba. Siku hiyo niko na watu kwenye ule ubao wetu, nikaona mtumbwi wa wachuuzi wa samaki unatia nanga, na wanaume wawili wanamshika mikono mwanamke aliyejifunga kitambaa cha msiba, hawezi kusimama vizuri. Alikuwa ametapika njia nzima. Pamoja na hayo yote, alikuwa amebeba mkungu wa ndizi.

"Tata wange," akaniita, jinsi akina mama wa kwetu wanavyomwita mtoto wao wa kiume. "Nimesikia huku hamli ndizi."

Kamugisha alipika zile ndizi mwenyewe, mama amelala kwenye mkeka. Alipopata nguvu akakaa, akaongea nami polepole kama anayemwongoza mtoto kuvuka mto.

"Mwanangu, wazee nimewaomba. Nimepiga magoti mbele ya baba yako mdogo. Wamekubali hakutakuwa na rubisi. Utapewa omuramba, juisi tupu ya ndizi ambayo haijachacha, hata mtoto mchanga anakunywa. Na hutamwaga chini. Atamwaga mzee mwingine, wewe utatazama pembeni. Kuna kingine kinachokuzuia?"

Hakikuwepo! Mama alikuwa amekwisha kuondoa kila kizuizi, kimoja kimoja, kwa magoti yake. Siku ya kusimikwa na siku ya ubatizo ziliangukiana wiki moja. Nikienda, ubatizo utanipita.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mama, mimi ningekuja. Mchungaji amekataa. Amesema kazi ya Mungu haiachwi katikati."

Kamugisha alikuwa pale anamenya ndizi za jioni. Kisu kikasimama.

Mama akajifunga upya kitambaa chake cha msiba. Kisha akauliza, "Amekataa kabisa? Nikienda mimi kumwomba?"

"Atakukasirikia, mama. Atanifukuza."

"Basi, basi," akasema haraka. "Usifukuzwe kwa ajili yangu."

Kesho yake akarudi na wachuuzi walewale. Alipanda mtumbwi amefumba macho. Nilisimama ufukweni nikampungia mkono, yeye hakuweza kunipungia kwa kuwa mikono yote miwili imeng'ang'ania ubao.

Kamugisha akaja akasimama karibu nami. "Ukitaka kudanganya," akasema, "siku nyingine nitume kuni kwanza. Usinifanye shahidi." Kisha akaongeza, "Mtumbwi bado uko karibu. Ukiita watasikia."

Sikuita.

Mkuu alikuja. Akabatiza, akanishika mkono, akala samaki, akasema paa la kanisa letu linahitaji nyasi zaidi, akaondoka kabla upepo haujageuka. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Baada ya miezi michache samaki wakahamia upande mwingine, wavuvi nao wakawafuata na ubatizo wao. Kanisa la nyasi likabaki na mbuzi.

Nilipokwenda Kaagya nilimkuta mtoto wa baba mdogo amehamia nyumbani na mke wake. Baba mdogo hakunitukana. Alinikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni. Kama mgeni! Nikamwuliza mama yuko wapi.

"Shemeji ameondoka. Nyumba ina wenyewe sasa," akasema.

"Baba mdogo, mngenisubiri."

"Kigoda hakikai wazi. Nilikuita, ukoo ukakuita, mama yako akavuka ziwa. Ulitaka tumtume nani tena?"

Mama alikuwa amejiunga na kijiji kipya cha ujamaa kule Kimwani, pamoja na wajane wengine na watu wasio na ardhi. Alipewa kipande kwenye nyasi tupu. Mwanamke aliyelelewa chini ya kivuli cha migomba, analima mahindi juani, kengele ya kijiji inampangia saa ya kwenda shamba! Migomba aliyopanda iliota myembamba kama mikono ya mgonjwa. Kila nilipomtembelea alinionyesha mmoja mmoja, akisema mwaka ujao utazaa.

Chuo cha uchungaji nilikipata, ndiyo. Sikumaliza hata muhula. Siku niliyopewa zamu ya kuhubiri, nililifungua Neno likafunguka penye habari za wajane. Nikaomba ruhusa kwenda nje, sikurudi. Kuzunguka kwangu kulianza siku ile.

Mama aliacha kanisa. Yeye aliyekuwa akitangulia kufika kabla ya kengele! Wachungaji wakipita kijijini anaingia ndani. Siku moja aliniambia, "Usijitese, tata. Siyo wewe uliyetukosesha nyumba. Ni yule mchungaji. Mungu atamwuliza."

Na mimi? Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikula chakula chake, nikatikisa kichwa, nikamwacha amchukie mtu ambaye hakumkosea lolote. Nafasi nilikuwa nayo siku hiyo. Tulikuwa wawili tu. Ningesema. Sikusema!

Alipougua nilikuwa Kigoma. Nilifika kaburi limeshachimbwa. Nilitaka alazwe Kaagya karibu na baba, lakini nani angewaomba wenye kibanja? Mimi? Kwa mdomo gani? Tukamzika pale Kimwani, kwenye mstari wa makaburi ya kijiji, kati ya watu wawili ambao sijui majina yao.

Baada ya maziko mzee mmoja akanivuta pembeni. Alikuwa yule mchungaji wa Muleba, amezeeka. Akaniambia alimtembelea mama siku zake za mwisho. Mara hii mama hakuweza kuinuka kujificha, akamwambia usoni: "Wewe ndiye uliyemnyima mwanangu ruhusa."

Mchungaji akashangaa. "Mama, mimi nilimruhusu. Nilimtuma mwenzake amwambie aondoke siku ileile."

Mama, anasema, alitazama ukutani kwa muda mrefu. Majirani walikuwa wamejaa chumbani, wote wanasikiliza. Kisha akasema, "Ah, nimekumbuka. Uzee huu! Ni mimi niliyemkataza asije. Nilimwambia amalize kazi ya Mungu. Nisamehe, mchungaji, nimekusingizia miaka yote hii."

Akamwomba radhi! Mama yangu alitubu kosa langu mbele ya watu, ili nikija kumzika nisitazamwe vibaya.

Mchungaji hakunihukumu. Alinishika bega tu, akaniambia, "Nimeona nikwambie." Ningefurahi kama angenipiga.

Kwa hiyo nawaambia ninyi vijana mnaoondoka makwenu na Biblia, au na kadi ya chama, au na kitu chochote kikubwa ambacho watu wanaogopa kukipinga. Msikitumie kumfungia mama mlango. Mungu hakunizuia, kanisa halikunizuia, mila haikunizuia. Nilitaka kupewa mkono na mkubwa, basi!

Na kama umeshadanganya, na uliyemdanganya bado anapumua, acha kusoma hapa uende. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, akutukane, akufukuze. Usingoje agundue halafu akusamehe peke yake, wewe ukiwa mbali. Mimi nilisamehewa hivyo, na sina wa kumrudia kumwambia kwamba nimejua.