Mwizi wa Eufrazia

Kuna neno moja ambalo Eufrazia Mkude, muuza ndizi wa Msamvu, hajalitamka tangu Machi mwaka jana. Wanaouza naye kando ya barabara wanalijua, na wakiwa karibu naye hawalitamki kwa mzaha.

Eufrazia ana miaka hamsini na mmoja. Ni Mluguru wa Kinole, mlimani, na meza yake iko hatua chache kutoka mahali mabasi ya mikoani yanapopunguza mwendo. Mtani wake ni Mansuri, Mnyamwezi wa Tabora, mbeba mizigo wa abiria. Kwa miaka minne Mansuri alikuwa akipita mezani pale kila siku na kuchukua ndizi bila kuomba, kwa kuwa mtani haombi. Eufrazia naye alikuwa akimtukana.

"Wapagazi nyie, mmebeba pembe za watu mpaka mabega yakainama!"

"Na nyie wala magimbi, mmeshuka mlimani jana, leo mnajifanya wa mjini."

Kisha Mansuri alikuwa akikimbia na ndizi, na Eufrazia akipiga kelele: "Mwizi! Mnyamwezi mwizi huyo!" Majirani walicheka. Ulikuwa mchezo wa kila siku.

Jumanne moja ya Machi hiyo, mambo mawili hayakuwa ya kila siku. Asubuhi abiria wawili walikuwa wamekwapuliwa simu, na vijana wa bodaboda walikuwa wamemkosa mkwapuaji. Halafu, saa nane mchana, basi lililoharibika lilikuwa limeshusha watu wapatao hamsini kando ya barabara, wageni watupu, wamechoka na wana hasira. Mansuri alitwaa kichane kizima, akakificha ndani ya shati, akatimua mbio huku akicheka. Eufrazia akapiga kelele kama kawaida.

Abiria mmoja mwenye fulana nyekundu akanyoosha mguu. Mansuri akaanguka kifudifudi.

"Aliinuka anacheka," anakumbuka Shakila, muuza mihogo wa meza ya pili. "Alidhani kajikwaa. Ndipo wakampiga teke la kwanza."

"Oya, mimi ni mtani wake!" alisema Mansuri. Teke la pili lilimpata sikioni.

Eufrazia alifika mbio, kanga mkononi. "Mwacheni! Ni utani tu! Ni mtani wangu!"

"Mama, wewe una huruma sana," alisema kijana mmoja. "Ndiyo maana wanawaibia."

"Kamtisha huyo mama! Ona anavyotetemeka!"

"Nasema hajaiba!"

Mtu akainama, akachomoa kichane kutoka kwenye shati la Mansuri na kukiinua juu, watu wote wakione. "Na hizi je? Kazaa?"

Kadiri Eufrazia alivyosema kweli ndivyo walivyozidi kumwona mama mwoga anayemlinda jambazi. Waliokuwa nyuma, ambao hawakuwa wameona chochote, walikuwa wanaulizana kama ni yule yule wa simu. Wakajibiana kuwa ndiye. Jiwe likapita juu ya bega la Eufrazia. Sauti ikasema, "Tairi! Leteni tairi!" na Abel, dereva wa bodaboda ambaye Eufrazia anamfahamu tangu akiwa mtoto, akaonekana anatokea gereji ya jirani akilivingirisha.

Hapo Eufrazia akaacha kusema kweli.

Alimkalia Mansuri mgongoni, akamfunika kichwa kwa kanga.

"Aliyeibiwa ni nani hapa?" aliuliza kwa ukali.

"Si ni wewe, mama!"

"Haya. Kwa hiyo mwizi ni wangu." Akamnyooshea kidole mwenye fulana nyekundu, aliyekuwa ameshika jiwe. "Wewe umeibiwa nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Taja."

"Mimi sijaibiwa, mama, ila hawa watu..."

"Hilo jiwe la nini, kama hujaibiwa? Rudi kwenye mizigo yako, usije ukaibiwa kweli." Akageukia mwingine. "Na wewe? Kakuibia lini? Sema nisikie. Na wewe mwenye kofia?"

Aliwauliza mmoja mmoja, akimtazama kila mtu usoni. Mwenye kofia alirudi kwenye mizigo yake. Mwanamke mmoja alisema yeye alikuwa anapita tu. Wa saba kuulizwa alikuwa Abel.

"Abel, umeibiwa nini?"

Abel alilisimamisha tairi. "Sijaibiwa, Ma' mkubwa."

"Basi weka hilo dude chini, ulete pikipiki. Mwizi wangu nampeleka polisi mwenyewe. Atakayemgusa, namshitaki kwa kunipotezea mwizi."

Mtu mmoja akacheka. Eufrazia anasema kicheko kile ndicho kilichompa pumzi.

Kituoni askari alifungua daftari. "Kaiba nini?"

"Hajaiba. Mwandikie fomu ya matibabu," alisema Eufrazia.

Tangu siku ile, kelele za mwizi zikisikika, Eufrazia huacha meza kwa Shakila na kwenda kuuliza swali lake. Ameshakwenda mara tatu. Mara mbili mtuhumiwa alifika kituoni akitembea kwa miguu yake. Mara moja Eufrazia alichelewa, na hiyo hapendi kuizungumzia.

Mansuri alirudi kazini baada ya wiki saba. Sikio la kushoto halisikii. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Eufrazia, akachukua kichane, akasimama.

"Haya," alisema. "Piga kelele."

"Sipigi."

"Mluguru umeishiwa matusi?"

Eufrazia alivuta kigoda kutoka chini ya meza, akakisukuma mbele ya Mansuri kwa mguu.

"Kaa uzile hapa hapa, nikuone. Mpagazi gani huyu, hata kukimbia hajui."

Mansuri alimgeuzia sikio la kulia. "Unasemaje?"

Eufrazia akarudia, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Mansuri akakaa, akamenya ndizi.