Dada yangu aliandikwa MENTAL kwa sababu alimheshimu baba mkwe

Wakuu wa humu ndani, nawasalimu, pamoja na wajukuu mnaopitapita.

Mimi ni nyanya, niliishia darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja. Tena ni Msabato, siwezi kukaa hapa kuwatungia hadithi. Haya niliyaona kwa macho.

Wiki hii nimeonyeshwa karatasi moja ya kliniki, ikaniamshia hasira ya miaka hamsini. Nitaifikia.

Kwanza waliokuwa kwenye kile chumba.

Kemunto, dada yangu mkubwa, aliyeolewa Manga. Mzee Nyabuto, baba mkwe wake, ndiye aliyetuleta. Bwana Daudi, daktari msaidizi, mtu wa mbali asiyejua Ekegusii. Ombati, karani, Mkisii mwenzetu kabisa, kazi yake kutafsiri na kuandika kitabu. Na mimi Bosibori, msichana ambaye hajaolewa, mgongoni nina Moraa, mtoto wa Kemunto, bado ananyonya.

Makori, mume wa Kemunto, alikuwa Kericho kwenye majani chai.

Hospitali siitaji. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini.

Sasa, Kemunto alikuwa amezika kifungua mimba wake, Nyaboke. Surua. Tangu hapo akawa na mambo mawili. Usiku moyo unamwenda mbio, anaamka kila mara kuweka mkono puani mwa Moraa, anapumua au hapumui. Mchana hawezi kuinuka. Ndizi zinaivia shambani, yeye amelala anatazama paa.

Mama mkwe akasema ni uvivu. Mzee Nyabuto akasema hapana, huyu ni mgonjwa. Alikuwa mzee mzuri, hilo niliseme mapema. Tukateremka mlima kwa miguu, yeye mbele na fimbo, sisi nyuma.

Tukaingia. Mzee akakaa kwenye benchi pale pale ndani, maana yeye ndiye mwenye mgonjwa.

Bwana Daudi akamwambia Ombati amwulize Kemunto analala vipi.

Ombati akauliza kwa Ekegusii. Kemunto akajifunika mdomo na leso, akatazama ukuta.

Akaulizwa kama anakula. Ukuta. Damu ya mwezi imerudi tangu azae? Hapo ndipo akageuka kabisa, akatupa mgongo.

Wakuu msio wa kwetu niwaeleze. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye aibu kati ya mke wa mwana na baba mkwe. Habari za kitanda na za mwili hazitajwi huku mzee anasikia. Mwanamke mwenye adabu anakufa na maneno yake tumboni.

Bwana Daudi simlaumu sana, angejuaje? Lakini Ombati! Ombati alikuwa na mke, na mke wake alikuwa na baba mkwe. Alijua. Foleni ilikuwa ndefu na alitaka kwenda chai.

Akasema, "Hasemi, Bwana. Huyu akili imeruka."

Akaandika kwenye kitabu kikubwa cha wino. Akamwambia mzee kuna gari la kupeleka wagonjwa wa akili Nairobi siku ya Ijumaa, Kemunto aende, mtoto abaki na nyanya yake. Bwana Daudi akaandika barua ya kumpeleka.

Mtoto wa kunyonya, wakuu. Nilimsikia Moraa akicheka mgongoni kwangu, hajui anatenganishwa na titi.

Kemunto akalia, uso ukutani.

Mimi nikafanya jambo ambalo msichana wa kwetu hafanyi. Nikamwambia mzee, "Tata, huko nje kuna jua zuri."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akanitazama, akamtazama Kemunto mgongoni, akashika fimbo yake.

"Kumbe ugonjwa ni mimi," akasema.

Akatoka. Tukamsikia anawaambia watu wa foleni kwamba amefukuzwa na katoto kanakonuka maziwa, wakacheka.

Mlango ulipofungwa Kemunto akageuka, akaongea. Akaanza na surua, akafika kwa usingizi, kwa chakula, kwa mwili wake. Aliongea mpaka Bwana Daudi akaweka kalamu chini.

Ndipo Ombati akaleta mambo ya kadi ya hospitali. Mstari wa ugonjwa ni mmoja, aseme anaumwa nini, moja.

Kemunto akamwambia, "Hofu inaniamsha usiku. Huzuni inanilaza mchana. Nikuchagulie gani?"

Bwana Daudi akachana ile barua ya Nairobi. Kwenye kadi akaandika hofu. Huzuni ikakosa pa kukaa. Akamwambia Ombati arekebishe na kitabu, Ombati akasema kitabu cha serikali hakifutwi, atafukuzwa kazi yeye.

Nikasogea nikachungulia. Herufi kubwa, MENTAL. Nikaisoma moja moja kama mwalimu alivyotufunza.

Tulirudi na Moraa kwenye titi. Mkidhani yaliisha, hayakuisha.

Baada ya miaka mitatu Kemunto akajifungua Ondieki hospitali ile ile. Nesi akatazama namba ya kadi, akatoa kitabu cha zamani, akasoma. Mtoto akapelekwa chumba cha pili, eti mama asije akamdhuru. Siku mbili Kemunto alimsikia mwanawe analia ng'ambo ya ukuta, maziwa yanamwagika kwenye nguo.

Alilea watoto sita, wote wazima. Alitutoka mwaka juzi.

Sasa ile karatasi. Sharon, binti wa Moraa, alitoka kliniki mjini akanionyesha. Kuna herufi F na namba. Akasema nyanya, hii ni code, maana yake hofu na huzuni pamoja.

Nikamwuliza, zote mbili kwenye mstari mmoja?

Akasema ndiyo. Nikalia, akadhani namlilia yeye.

Ninyi mnaoandika hospitalini, siku hizi kwa kompyuta, kabla hujaandika "hasemi" tazama nani ameketi kwenye benchi. Mwombe atoke. Hilo halihitaji digrii, mimi nililifanya na darasa la tatu.

Aliyeandikiwa vibaya yeye au mzazi wake, aseme hapa tusikie.

Na kama yupo mtu wa Manga anayeikumbuka siku hiyo, anirekebishe. Bwana Daudi pengine alikuwa Danieli. Gari pengine lilikuwa la Alhamisi. Lakini lile neno kitabuni msinirekebishe, nililisoma mwenyewe.