Saa Mbili ya Bwana Dakika

Kwa miaka kumi na tisa Bwana Dakika ndiye aliyepanga ratiba za chuo, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko kengele. Siku hiyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuja darasani saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi. Akawashukia kama mwewe: "Hata saa hamjui kusoma? Rudini kwa mama zenu!"

Binti mmoja akabandua ratiba ukutani, akampa kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba. Vipindi vingine vya saa mbili umeandika 8:00. Hiki umeandika 2:00, tukajua ni saa nane."

Saini chini ya ratiba ilikuwa yake. Darasa zima likingoja aitikie marahaba, akachomoa kalamu, akaigeuza ile 2 kuwa 8.