Siku Niliyowageuza Wageni Wote Kuwa Mamangu

Chekeni tu, nimezoea. Hata mamangu, nikimtembelea Kaloleni, bado huniuliza kama nimemletea wenzake.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikisoma kompyuta katika chuo kimoja cha ghorofani Eastleigh, na siku hiyo wazazi walialikwa waone tulichojifunza. Mwalimu Wafula alikuwa ameahidi kwamba atakayewafurahisha wageni ataajiriwa kuwa msaidizi wake, na mimi kazi hiyo niliitaka kama uhai. Zamu yangu ilikuwa kuingiza majina ya wageni. Kabla ya kuyathibitisha, unaweza kuweka alama na kuipa jina. Ukikosea baadaye, unaiamuru kompyuta irudi kwenye alama ile na makosa yanafutika. Wenzangu waliziita alama zao moja, mbili, tatu. Mimi zote niliziita kaloleni, maana mtu akipotea si hurudi nyumbani?

Nikaingiza majina, nikaweka kaloleni. Kisha kiherehere kikanipanda: "Wazazi wetu, nitawafanya nyote kuwa Mama Rosa, halafu niwarudishe!" (Mama Rosa ndiye mamangu, ameketi mbele na kina mama wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, anatabasamu kama aliyezaa waziri.) Nikawabadilisha. Vidole, kwa mazoea ya darasani, vikaweka alama tena: kaloleni. (Ukirudia jina, alama ya kwanza haipo tena. Hilo lilifundishwa siku niliyotoroka kwenda Gikomba kutafuta viatu.) Nikarudi kaloleni na, bila kutazama, nikaiamuru printa itoe vitambulisho vya kubandika kifuani.

Printa ikalia kama cherehani. Mwalimu akaita, "Mama Rosa!" Mamangu akachukua chake. "Mama Rosa!" Mwalimu akainua kingine. "Mama Rosa!"

Mzee Okumu, mstaafu wa reli mwenye masharubu mazito, akapokea kimoja, akakisoma polepole. "Kijana, na Baba Rosa ana habari?"

Watu wakavunjika mbavu. Nikarudi kaloleni tena. Wote bado mamangu. Ikabaki njia moja, kufuta kila kitu toka mwanzo. Skrini ikawa tupu.

"Afadhali tulipokuwa Mama Rosa," akasema mama mmoja. "Sasa hatupo kabisa."

Kazi akapewa Atieno, mmoja wa wale wa moja, mbili, tatu. Mimi nikashika njia: Kisumu, Kampala, Mombasa, na kila nilipotua nikasema hapa ndipo kwetu. Siku hizi sithubutu. Kila mahali napaita kwa jina lake, kwa sababu Kaloleni ni moja, na Mama Rosa, asante Mungu, ni mmoja.